Pua ya Mnadani

Gari lililozama husafishwa milango ikiwa imefungwa. Hiyo ilikuwa sheria ya yadi, kwa sababu dawa ya dumu la buluu ilitakiwa iingie kwenye viti na mazulia bila kupigwa na upepo, la sivyo uvundo wa tope ungerudi baada ya wiki moja na kumuumbua muuzaji. Basi yule mwanamke alipandisha vioo vyote, akajifunga kitambaa puani na mdomoni, akapiga magoti pale abiria wanapoweka miguu, akaanza kusugua kwa brashi ya kufulia. Macho yalimtiririka machozi. Kila aliposhikwa na kizunguzungu alifungua mlango, akatema mate pembeni, akavuta pumzi mbili tatu, akarudi ndani. Hilo lilikuwa gari la kwanza. Yalikuwepo kumi na moja.

Yote yalikuwa ya aina moja, magari ya watu saba, na yote yalikuwa yamelala siku nne chini ya maji mto ulipovunja kingo na kuimeza yadi moja huko bondeni. Kampuni ya bima iliyafuta vitabuni kama vyuma chakavu, na bosi wake akayanunua kwa fungu, kama mtu anavyonunua nyanya zilizopondeka soko linapofungwa. Ila nyanya iliyopondeka mtu huiona. Gari lililozama, likishapita mikononi mwa anayeijua kazi, hung'aa kama bwana harusi, na ugonjwa wake hubaki ndani ya nyaya. Leo taa zinakataa, kesho breki, siku nyingine usukani unagoma katikati ya kona.

Bosi huyo walimwita Taratibu, kwa kuwa hakuna aliyewahi kumsikia akipandisha sauti. Alimfukuza mlinzi wake kazi siku mlinzi alipokwenda kumzika mama yake, na alilisema jambo hilo kwa upole hata mlinzi akamshukuru kabla ya kuelewa.

Mwanamke mwenyewe walimwita Mama Pua. Ajabu ya maisha yake ni kwamba mtu yule yule alimpa kazi mbili zinazopingana. Siku za kawaida aliiondoa harufu ya maji kwenye magari ya Taratibu. Siku za mnada wa jumla aliitafuta harufu hiyo hiyo kwenye magari ya wenzake Taratibu.

Mnada huo si wa kila mtu. Getini hupiti bila kitambulisho cha mfanyabiashara wa magari kilichoning'inia shingoni, kwa sababu humo ndimo wenye yadi huuziana wao kwa wao yale magari wasiyotaka mteja wao ayaone. Gari lenye kikohozi, gari lililogongwa likanyooshwa, gari lililokaa yadi mpaka matairi yakapasuka, yote hupelekwa jumla. Huko hubadili mikono mitatu, minne, kila mmoja akishuku na kila mmoja akinyamaza, mpaka linapomfikia mtu wa mwisho, ambaye ndiye pekee atakayeliendesha. Masharti ni mafupi. Linauzwa lilivyo. Kuna saa mbili za kutazama; mlango unafunguliwa na injini inawashwa, lakini hakuna kuinua zulia, hakuna kufungua boneti, hakuna kushika bisibisi. Dalali akishagonga meza, gari halirudi.

Kwa masharti hayo pua ni mali. Mama Pua aliingiza kichwa dirishani, akafumba macho, akavuta pumzi moja ndefu. Akiitikia kwa kichwa, Taratibu alinunua. Akiondoka bila kusema kitu, Taratibu aliondoka naye. Katika miaka mitano hakukosea hata mara moja, na wafanyabiashara wengine walianza kumfuata nyuma nyuma, wakijifanya wanaongea na simu. Shemeji ndiye aliyemfuata kuliko wote. Huyu alikuwa mwenye yadi mwenzake Taratibu, mtu wa kucheka cheka aliyewaita wanawake wote shemeji mpaka jina likamrudia mwenyewe. Walimvika Mama Pua sifa za kila aina, na hakuna hata mmoja aliyewahi kumnunulia chai.

Hakufanya kazi hiyo kwa kupenda sifa. Nyuma ya yadi, ukipita rundo la milango na vioo vilivyopasuka, kulikuwa na chumba kimoja cha bati, na ndani yake alilala mume wake. Mume huyo, ambaye wote walimwita Bati, alikuwa fundi bodi wa yadi hiyo hiyo. Siku moja jeki iliteleza na gari likamwangukia kiunoni. Taratibu alikwenda hospitali mwenyewe, na mfuko wa machungwa na karatasi moja. Karatasi ilisema Bati hadai chochote, na kwa huruma ya mwajiri familia itapewa chumba maadamu mke anaendelea na kazi yadini. Bati aliweka dole gumba huku mpira wa dawa ukiwa bado mkononi. Tangu hapo miaka sita ilipita, na miguu yake haikuwahi kujua kama ilikuwepo kitandani au la. Kazi ya mke ikiisha, wote wawili wangetolewa nje ya geti na godoro lao.

Baada ya magari yale kumi na moja kusafishwa na kuuzwa jumla, jioni moja Mama Pua alikuwa amesimama mbele ya jiko akikoroga uji. Bati akauliza kutoka kitandani anachoma nini. Akajibu hachomi kitu. Bati akauliza tena, akikohoa safari hii. Mama Pua akatazama sufuria, akaona moshi unapanda pembeni na uji umekuwa mweusi chini, na yeye alikuwa ameinamia juu yake muda wote huo.

Bati akamwambia achukue kitunguu anuse. Hakusikia kitu. Chupa ya mafuta ya taa, hakusikia kitu.

"Njoo unuse miguu yangu," Bati alisema. "Kama na hii huisikii, basi pua imekufa, tuifanyie matanga."

Alikwenda, akanusa, wakacheka wote wawili mpaka kitanda kikalia. Halafu yeye akakaa chini sakafuni na kulia kwa muda mrefu, na Bati akamwekea mkono kichwani kwa sababu ndicho kiungo alichoweza kumfikishia.

Hawakufikiria hata kidogo kumwambia Taratibu. Bati alimfundisha kutumia vidole. Maji ya mafuriko, alisema, huacha mchanga laini kwenye reli za viti, mahali ambapo hata brashi haifiki. Tena huacha mstari kwenye mkanda wa kiti. Ukiuvuta mpaka mwisho unauona, kama alama ya chai kwenye kikombe. Angeingiza kichwa kama kawaida, angefumba macho kama kawaida, lakini mkono ungefanya kazi chini. Mnada wa kwanza alitoa mkono kwenye gari moja na mchanga chini ya kucha, akaondoka kimya. Wa pili vile vile. Alianza kupata usingizi tena.

Mnada wa tatu kulikuwa na magari saba ya rangi ya fedha yamepangwa mstari mmoja, kila moja la watu saba. Aliingiza kichwa kwenye la kwanza na kushusha mkono. Reli za kiti zilikuwa safi, zimepakwa rangi mpya. Aliuvuta mkanda, ukatoka mweusi tititi mpaka mwisho, bila mstari. Vitambaa vya viti vilikuwa vipya. Wazo lilimjia kwamba gari la umri ule halina sababu ya kuwa na mikanda mipya yote saba, ila mwenye pua hasimami kuwaza mikanda. Taratibu alikuwa pembeni yake, mkono mfukoni, akisubiri. Nyuma walikuwepo wale wa simu. Angekataa, Taratibu angeuliza amesikia harufu gani, na angejibu nini? Akaitikia. Akaitikia mara saba, na Taratibu akayanunua yote saba, bei juu.

Siku mbili baadaye fundi umeme wa yadi, kijana mwembamba aliyeitwa Waya, alifungua dashibodi ya gari mojawapo kutafuta kwa nini honi inalia yenyewe. Alikaa muda mrefu bila kutoa kichwa. Kisha akamwita bosi.

"Bosi, hii tepu ni yangu."

Ilikuwa tepu ya njano ya kufungia maboksi. Wiki ile walipotengeneza magari yaliyozama tepu nyeusi iliisha, na Taratibu alikataa kununua nyingine, hivyo Waya akafunga viungo vya nyaya kwa ya njano. Karani wa ofisini alifungua kitabu akalinganisha namba za chesisi, na saba kati ya zile kumi na moja zilikuwemo, kwa mwandiko wake mwenyewe. Shemeji alikuwa ameyanunua jumla kutoka kwa Taratibu, akayapaka rangi, akabadili viti na mikanda, akayarudisha jumla kwa kitambulisho cha ndugu yake. Na Taratibu, mtu ambaye hajawahi kuuziwa mbuzi kwenye gunia, alikuwa amenunua uozo wake mwenyewe kwa bei kubwa kuliko aliyouzia.

Mama Pua aliitwa ofisini. Mezani palikuwa na vifuniko vitatu vya makopo ya rangi, na ndani ya kila kifuniko kipande cha kitambaa. Karani alikuwa amesimama kando na kitabu chake. Waya alikuwa mlangoni.

"Kaa, mama," Taratibu alisema. "Sina haraka. Niambie hiki ni kitu gani."

Alikisogeza cha kwanza. Mama Pua aliinama, na alipoinama alimtazama karani kwa kona ya jicho. Karani alikunja pua na kupepesa macho kama mtu aliyesimama kituo cha mafuta.

"Petroli."

"Vizuri." Taratibu aligeuka bila haraka. "Karani, hebu tazama ukutani."

Karani akageukia ukuta. Kifuniko cha pili kilikuwa na kitambaa kikavu, cheupe, kilichokunjwa vizuri. Mama Pua alivuta pumzi. Hapakuwa na kitu ndani ya hewa, ni hewa tu, baridi ikipita. Alisema sabuni. Taratibu alichukua cha tatu akamletea mwenyewe mpaka chini ya pua na kukishikilia hapo. Waya alianza kukohoa mlangoni, akatoka nje. Mama Pua alikaa bila kujongea, lakini machozi yalianza kumtoka.

"Dawa," alisema. "Dawa ya dumu."

"Umejuaje?"

"Macho, bosi."

Taratibu alikirudisha kifuniko mezani na kufuta vidole vyake. "Hicho ulichokiita sabuni tulikifunga usiku kucha kwenye panya aliyefia stoo," alisema. "Tangu lini?"

Alimwambia tangu lini. Alimwambia pia, na sauti ilianza kumkatika, kwamba ni dawa hiyo, kwamba aliomba barakoa mwaka juzi na mwaka jana, karani ni shahidi. Karani aliendelea kutazama ukuta.

"Sikulaumu," Taratibu alisema. "Na barakoa, ningekupa hata leo. Lakini ya nini sasa, kwa mtu asiyesikia harufu?"

Mama Pua aliona chumba chao kinaondoka. Alikiona hivyo hasa, kitanda, sufuria, mume, vyote vikipita getini. Alianza kuomba. Alisema anaweza kusafisha mara mbili ya sasa. Alisema hahitaji tena kutoka nje kupumua kila mara. Aliyasikia maneno hayo yakimtoka na hakuweza kuyarudisha.

"Nani amesema unafukuzwa?" Taratibu alivuta kiti akaketi karibu naye, kama jamaa aliyekuja kumjulia hali. "Nimeongea na Shemeji. Tumecheka sana. Yeye alikuona ukiitikia mara saba, akajua hapo hapo. Tumekubaliana yale saba tuyauze pamoja, kwa kitambulisho kile kile cha ndugu yake, na mengine yatakayokuja. Sasa sikiliza. Wale watu mnadani wanakuamini kuliko wanavyoniamini mimi. Hawajui kitu. Utakwenda kama kawaida, utaingiza kichwa kama kawaida. Mimi nitakuambia asubuhi uitikie wapi."

"Magari yale yataua mtu, bosi. Wewe unajua."

"Labda. Barabara zinaua watu kila siku, na hakuna anayekuja kuuliza gari lilinukaje."

Mama Pua akauliza, kwa adabu, kama mtu anayeuliza saa, akikataa itakuwaje.

"Hulazimishwi. Nitakupa hata gari la kuhamishia godoro," Taratibu alisema. "Bure."

Alimweleza Bati yote, bila kuficha hata lile la panya. Bati aligeuza uso ukutani. Mama Pua alingoja mpaka akachoka, akaanza kukunja nguo ambazo zilikuwa zimeshakunjwa. Akamuuliza mumewe, angekuwa anatembea angesema nini.

"Ningekuwa natembea ningekwenda kumng'oa meno," Bati alisema bila kugeuka. "Sitembei. Itikia tu, mke wangu."

Na baada ya hapo hakuzungumza naye mpaka siku ya mnada. Hakuwa amemkasirikia yeye, na wote wawili walilijua hilo, lakini kimya kilikuwa kile kile.

Magari saba yalikuwa sasa ya rangi ya maziwa. Aliyasafisha upya yeye mwenyewe, vioo vikiwa juu, bila kutoka nje. Taratibu na Shemeji walisimama hatua ishirini kutoka kwenye mstari, wakiongea habari za mvua. Mama Pua alikuwa ameshaambiwa asubuhi aitikie yote saba, akaenda kwenye gari la kwanza.

Hapo alimkuta mwanamke mmoja wa makamo ambaye hakuwahi kumwona, kitambulisho chake kikiwa kipya na kamba yake bado ina mikunjo ya dukani. Alimwamkia Mama Pua kwa heshima. Alijieleza haraka haraka, kama watu wanavyofanya mahali wasipopazoea: kwamba yeye na dada yake walikuwa na duka la vipuri, kwamba wameamua kuanza na magari, kwamba mteja wake wa kwanza ni shule ya chekechea inayotaka gari la kubebea watoto. Alikuwa ameambiwa na watu wote kwamba ukifika humu mfuate yule mama.

"Ila mimi, sijui," alisema, akishusha sauti, kichwa chake kikiwa dirishani. "Mimi nasikia kama harufu ya kisima. Kama tope la kisima. Au ni mimi tu?"

Mama Pua aliingiza kichwa chake pembeni ya kichwa cha yule mwanamke, karibu mashavu yao yagusane. Alifumba macho. Alivuta pumzi mpaka mbavu zikamuuma, akitafuta, na kwa mara ya kwanza katika maisha yake aliomba aisikie harufu ya tope, hata kidogo, ili harufu yenyewe imzuie kuitikia. Akilini alimwona Bati amelala ametazama ukuta. Alitoa kichwa nje.

Yule mwanamke alikuwa akimtazama usoni, akisubiri.

Mama Pua akaitikia kwa kichwa.

"Basi ni mimi," mwanamke alisema, akicheka kwa nafuu na kujipiga puani kwa kidole. "Nina mafua tangu juzi, pua yangu hii haina maana."

Dalali alipofungua bei, mwanamke aliinua mkono. Shemeji naye akainua, kwa sura ya mtu anayelitaka gari kufa na kupona, akampandisha hatua kwa hatua mpaka akaona jasho limetokea juu ya mdomo wa mwanamke. Hapo akatikisa kichwa kwa huzuni na kumwachia. Dalali akagonga meza. Watu wachache wakampigia makofi yule mgeni, kwa kuwa ndiyo kawaida yao kwa anayenunua mara ya kwanza.

Mwanamke alilileta gari mwenyewe kuelekea getini, polepole, akiwa ameshusha vioo vyote na kujipepea usoni kwa karatasi za mauzo. Alipomfikia Mama Pua alisimama.

"Mungu akuzidishie, mama yangu. Bila wewe ningeliacha."

Mama Pua aliinua mkono kumuaga kwa sababu watu walikuwa wanatazama. Gari lilipita geti likawasha taa ya kuonyesha kona, kisha taa ikazimika yenyewe kabla halijakunja. Alipogeuka, wafanyabiashara wanne walikuwa wameshajipanga kando ya gari la pili, simu masikioni, wakimngoja aingize kichwa.